Zabibu za Pantelleria, Karafuu za Pemba: Jina la Kisiwa ni Mali ya Nani?

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakastaajabu kuliona gazeti la visiwa hivi likiitumia safu yake ya maoni kuzungumzia mvinyo wa Waitaliano. Tuseme mapema, ili asitokee wa kutudhania vingine, kwamba hatukusudii kukisifu kileo wala kumwalika mtu kukionja. Kila mwenye dini yake aujua mpaka wake. Tunachokusudia ni kuitazama sheria: sheria inayolilinda jina la kisiwa kimoja kidogo, na inayomtaka kila mwenye kulitumia jina hilo athibitishe kwamba bidhaa yake yatoka pale na imetengenezwa kama inavyopasa. Sheria ya namna hiyo yatuhusu sisi wakaazi wa visiwa vya karafuu pengine kuliko inavyowahusu wanywaji wa Roma.

Kisiwa chenyewe chaitwa Pantelleria. Ni kisiwa cha mawe meusi yaliyotapikwa na volkano, chenye eneo la kilomita za mraba 83 hivi, yaani hakifiki hata sehemu ya kumi ya Pemba. Kimekaa baina ya Sisilia na Tunisia, na kiko karibu zaidi na pwani ya Afrika kuliko na Sisilia yenyewe. Waislamu walikitawala kwa muda wa karne kadhaa mpaka Wanormani wa mfalme Roger wa Pili walipokitwaa mwaka 1123. Watawala waliondoka, lakini maneno yalibaki. Hadi leo vitongoji vya kisiwa hicho vyaitwa Gadir, Khamma, Rekhale, na Bukkuram, jina ambalo wenyewe hulifasiri kuwa ni baba wa mizabibu. Mtoto yeyote aliyekaa chuoni hapa kwetu akisomewa majina hayo hatakawia kuitambua asili yake.

Na zao lao kuu nalo lina jina tunalolijua. Waarabu huiita zabibu iliyokauka *zabib*. Sisi tulilichukua neno hilo tukalifanya zabibu, tukalipa tunda la mzabibu likiwa bichi au kavu. Watu wa Pantelleria walilichukua neno lilo hilo wakalifanya *zibibbo*, wakalipa aina moja tu ya mzabibu, ile ambayo kwingineko yajulikana kwa jina la Muscat ya Alexandria. Neno moja limesafiri njia mbili, moja ikafika Sisilia na nyingine ikafika Zanzibar.

Yafaa tueleze jinsi kazi ya zabibu hiyo inavyofanywa, maana bila ya kuijua kazi haiwezekani kuifahamu sheria. Pantelleria ni kisiwa cha upepo mkali usiokatika, na mvua yake ni haba. Mzabibu ukisimama wima huvunjika au hukauka. Kwa sababu hiyo mkulima huchimba shimo pana lenye kina cha sentimita 20 hivi, akaupanda mzabibu ndani yake, akaupogoa mfupi kama kichaka, ili upepo upite juu yake na unyevu usalie chini. Mashamba yamepangwa kwa matuta yaliyojengewa kuta za mawe makavu, na mashine hazina njia ya kupita. Karibu kila kazi ni ya mikono na mgongo. Mwezi wa Novemba 2014 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliuandika ukulima huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Haikusajiliwa chupa katika orodha hiyo, wala kampuni. Ulisajiliwa ujuzi wa mkulima aliyeinama shimoni.

Ifikapo Agosti huchumwa zabibu za mwanzo, zikaanikwa juani kwa majuma kadhaa. Mwanikaji huzigeuza kwa mkono, huzifunika umande ukiingia, na huziangalia mawingu kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Zikishakauka huchambuliwa punje moja moja kutoka katika vikonyo vyake. Mwezi wa Septemba huchumwa zabibu nyingine, hizi hukamuliwa zikiwa mbichi, na zile kavu hutiwa ndani ya maji yake yanapochacha. Ndipo upatikanapo mvinyo mtamu waitwao *Passito di Pantelleria*. Tuna hakika kwamba hakuna mwana Pemba atakayeisoma habari hii asiyakumbuke majamvi ya karafuu uwanjani, watoto wakiitwa kwa haraka mvua inapotisha, na kina mama wamekaa usiku wakichambua karafuu kutoka katika makonyo. Mazao ni mbalimbali, lakini jasho ni moja, na hofu ya mvua ni ile ile.

Sasa tuingie katika sheria. Tarehe 12 Julai 1963 Serikali ya Italia ilitoa amri ya kulinda majina ya asili ya mivinyo. Kabla ya hapo majina ya miji na vilima vyenye sifa yalitumiwa ovyo, na mfanya biashara aliweza kununua zabibu popote, akazikamua popote, akabandika jina lililokuwa likiuzika. Amri ya 1963 iliweka daraja za majina, na daraja inayotuhusu hapa ni ile waliyoiita Jina la Asili Linalodhibitiwa, ambayo kwa herufi za kwao huandikwa DOC. Juu yake iliwekwa daraja ya jina linalodhibitiwa na pia kudhaminiwa, lakini daraja hiyo haikupata mvinyo wa kwanza hata ulipofika mwaka 1980. Miaka 17 ilipita baina ya kuandikwa kwa daraja na kupatikana kwa anayestahili kuikalia. Sisi tunaliona hilo kuwa ni jambo la kusifiwa, kwani cheo kinachogawiwa siku ile ile kilipotungwa hakiwi na uzito.

Majina ya kwanza yalitambuliwa mwaka 1966, na miongoni mwake lilikuwamo jina la kisiwa kingine, Ischia, kilicho mbele ya Napoli. Zamu ya Pantelleria ilifika mwaka 1971.

Kila jina linalotambuliwa huandikiwa waraka wa masharti. Waraka wa Pantelleria wasema, kwa ufupi, mambo haya. Mipaka ya jina ni kisiwa chenyewe, si pwani ya Sisilia inayotazamana nacho. Zabibu za Passito ni zibibbo peke yake, bila ya kuchanganywa na aina nyingine. Hektari moja haitoi zaidi ya tani 10 za zabibu kwa jina hilo, hata kama udongo ungeweza kulazimishwa kutoa zaidi. Kuanika na kukamua sharti kufanywe ndani ya kisiwa. Mwisho, mvinyo huo hautoki kwenda sokoni kabla ya tarehe 1 Julai ya mwaka unaofuata mavuno, mwenye haraka na asiye na haraka wakingoja sawasawa.

Tukiyatazama masharti hayo kwa makini tutaona jambo ambalo viongozi wetu wengi hulisahau wanapozungumzia kulinda mazao. Karibu yote yamemfunga mwenye jina kabla ya kumfunga mwizi wa jina. Mkulima wa Pantelleria ndiye aliyeambiwa usizidishe, usichanganye, usiharakishe. Mgeni ameambiwa neno moja tu, nalo ni kutolitumia jina lisilo lake. Amri hiyo moja ina nguvu kwa sababu mwenyeji amekwisha kuzikubali zile nyingine. Mtu hawezi kusimama mbele ya kadhi akadai kwamba jirani amemharibia jina, hali yeye mwenyewe hulitumia jina hilo kuuzia takataka.

Wasomaji waliosoma vyuoni wanakikumbuka kisa cha watu wa Madyan na Nabii Shuaibu, walioonywa juu ya kupunja vipimo na mizani. Wanakumbuka pia kwamba katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasib, afisa wa sokoni, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua vipimo na kuwazuia wauzaji wasitie maji katika maziwa. Kwa hiyo wazo la kwamba umma una haki ya kukijua kinachouzwa halikuzaliwa Ulaya. Walilolifanya Waitaliano ni kuuandikia mji na kisiwa haki ambayo zamani iliandikiwa mizani.

Lakini tusije tukadhani kwamba kuandika kunatosha. Sisilia yenyewe ina jina jingine lenye asili ya Kiarabu, nalo ni Marsala, mji wa bandari ulio magharibi ya kisiwa hicho. Mwaka 1773 mfanya biashara wa Kiingereza, John Woodhouse, aliutia pombe kali mvinyo wa hapo ili usiharibike baharini, akaupeleka kwao. Jina likapanda, manowari za Kiingereza zikaununua, matajiri wakajenga maghala makubwa ufukweni. Kisha tamaa ikaingia. Katika karne ya ishirini jina la Marsala lilibandikwa juu ya vinywaji vilivyochanganywa mayai, kahawa na ladha nyinginezo, hata watu wa nchi za mbali wakafikiri kwamba Marsala ni kiungo cha jikoni na si mvinyo wa mji fulani. Jina hilo lilitambuliwa kisheria mwaka 1969, lakini ilibidi mwaka 1984 itungwe sheria nyingine ya kuviondoa vinywaji hivyo vya ladha chini ya jina la Marsala. Sheria ilikuja, naam, lakini ilimkuta mgonjwa yu mahututi. Sifa iliyojengwa kwa zaidi ya miaka mia moja ilikuwa imekwisha kuliwa na wenyewe.

Miaka miwili baadaye Italia ilipata msiba mkubwa zaidi. Mwezi wa Machi 1986 iligunduliwa kwamba wafanya biashara fulani wa kaskazini walikuwa wakiutia mvinyo wa bei rahisi methanoli, yaani spiriti ya sumu, ili kuuongezea nguvu kwa gharama ndogo. Watu wapatao 20 walikufa, na wengine wakapofuka. Mvinyo uliotiwa sumu haukuwa wa Pantelleria, wala haukuwa ule wenye majina makubwa. Hata hivyo wanunuzi wa nchi za nje hawakungoja kupambanua. Biashara yote ya mvinyo wa Italia iliporomoka mwaka huo, mwema na mwovu wakaanguka pamoja. Nazi mbovu harabu ya nzima, walisema wazee wetu, na hapo hawakuwa wakizungumzia nazi tu.

Ajali hiyo iliwafundisha Waitaliano kwamba mlinzi wa jina ni ukaguzi, na kwamba waraka usio na mkaguzi haumzuii mwizi. Mwaka 1992 sheria ya 1963 ilifutwa na kuandikwa upya, na tangu mwaka 2009 majina hayo yamo katika mfumo mmoja wa Umoja wa Ulaya, ambamo kila jina sharti liwe na chombo cha ukaguzi kilichoidhinishwa, kinachofuatilia mzigo tangu shambani hata chupani.

Tungekuwa wanafiki kama tungeisifu sheria hiyo tukaficha aibu zake. Jina la Pantelleria lenyewe lina mlango wa nyuma. Mvinyo uliotengenezwa kwa jua na subira huitwa *Passito di Pantelleria*. Lakini waraka huo huo waruhusu mvinyo mwingine, uliotiwa spiriti ili kazi iwe fupi, uitwe *Pantelleria Passito liquoroso*. Mjuzi ataiona tofauti, kwani maneno yamegeuzwa nafasi na neno moja limeongezwa. Mnunuzi wa kawaida aliyesimama dukani ataona kisiwa kile kile na neno lile lile, na bei iliyo nafuu. Nani aliyenufaika na mlango huo? Hakunufaika mwanikaji wa Khamma aliyeugeuza mkeka wake kwa majuma matatu. Amenufaika mwenye mtambo na mtaji, anayetaka chupa nyingi kwa muda mchache. Hivi ndivyo masharti yanavyotobolewa: huachwa yakasimama, kisha pembeni yake huandikwa sharti jingine dogo, kwa lugha ya kisheria, ambalo mkulima hana nafasi ya kulisoma.

Aibu ya pili ni kubwa zaidi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini mizabibu ya Pantelleria ilifunika maelfu ya hektari. Leo imebakia kwenye mamia tu. Kuta za mawe zilizojengwa na mababu zinabomoka, na vijana wanaondoka kwenda kutafuta kazi bara. Jina limelindwa, urithi umesajiliwa, na mwaka 2016 sehemu kubwa ya kisiwa ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, lakini mikono ya kuinama shimoni inapungua. Baadhi ya kampuni kubwa zinazouza mvinyo huo zina makao yake Sisilia, si kisiwani. Sheria ya jina yaweza kumzuia mwongo asiuze, lakini haina kifungu kinachomlazimisha mkweli amlipe mkulima ujira wa haki. Bei ya jina ikiishia kwa mwenye ghala, mtoto wa mkulima hataona sababu ya kurithi jembe, na baada ya kizazi kimoja au viwili jina hilo litakuwa limelindwa vizuri sana lakini halina zao.

Hapo ndipo tunapoifikia hoja yetu. Jina la kisiwa ni mali ya umma wa kisiwa hicho, na huilinda mali hiyo kwa mambo matatu yasiyotenganishwa: masharti yanayomfunga mwenyeji kwanza, ukaguzi usioogopa mtu, na bei inayomfikia aliyetoka jasho. Moja likikosekana, mawili yaliyobaki hayafai kitu. Marsala ilikosa la kwanza. Wauza sumu wa 1986 walipita palipokosekana la pili. Pantelleria inataabika kwa upungufu wa la tatu.

Kabla ya kurejea nyumbani, yafaa maafisa wetu wakumbushwe jambo moja la kimataifa. Mwezi wa Aprili 1994, huko Marrakesh, mataifa yalitia saini mapatano ya biashara ya dunia, na ndani yake umo mkataba wa haki za ubunifu ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1995. Nchi yetu ni mwanachama. Kifungu cha 22 cha mkataba huo chalinda majina ya mahali kwa bidhaa zote, lakini kwa sharti kwamba mlalamikaji aonyeshe kuwa wanunuzi wamepotoshwa. Kifungu cha 23 chatoa ulinzi mkubwa zaidi, kwa mivinyo na pombe kali peke yake. Mtu akiandika juu ya chupa "mvinyo wa namna ya Pantelleria, uliotengenezwa mahali pengine," amevunja kifungu hicho hata kama hakumdanganya mtu yeyote. Lakini mtu akiandika juu ya mfuko "karafuu za namna ya Zanzibar," mkataba watutaka sisi twende kwenye mahakama ya nchi yake, tuajiri mawakili wa huko, tuthibitishe kwamba mnunuzi alipotoshwa.

Ni kwa haki gani kinywaji cha tajiri kikapewa ngome na kiungo cha mnyonge kikapewa ua wa makuti? Jibu ni dhahiri. Wenye mivinyo walikuwa na nguvu mezani wakati mkataba ulipoandikwa. Tangu majadiliano ya Doha yalipoanza mwaka 2001, nchi nyingi, zikiwamo India, Uswisi, jirani zetu Kenya na hata Umoja wa Ulaya wenyewe, zimedai kwamba ulinzi wa kifungu cha 23 uenezwe kwa bidhaa zote. Marekani na Australia ni miongoni mwa waliokataa, na jambo hilo halijapata ufumbuzi. Hatuna budi kuendelea kulidai. Lakini anayedai ngome kubwa na atazamwe kwanza kama ameijenga ile ndogo aliyokwisha kuruhusiwa.

Je, sisi tumejenga nini? Mikarafuu imekuwapo katika visiwa hivi kwa miaka 200 hivi. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikaiangusha mikarafuu yake mingi, Pemba ikasalimika, na tangu hapo Pemba imekuwa ndiyo shamba kuu. Jina la Zanzibar na jina la karafuu yaliungana duniani kote. Leo Indonesia inavuna karafuu nyingi kutushinda mbali, na hatuwezi kushindana nayo kwa wingi. Kilichobaki mkononi mwetu ni sifa, nayo hukaa ndani ya jina. Mwaka 2008 Zanzibar ilipata sheria yake ya mali za viwandani, ambayo imeyafungulia mlango majina ya mahali kusajiliwa. Mlango huo ni wetu, na tuliuchonga wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria hiyo ndiyo daftari letu.

Lakini kama Pantelleria imetufundisha jambo, ni kwamba kusajili jina bila ya waraka wa masharti ni kuweka kufuli penye mlango usio na ukuta. Ni karafuu ipi itakayoitwa ya Zanzibar? Iliyochumwa ikiwa na umri gani? Iliyoanikwa juu ya nini, kwa siku ngapi, na kukauka kiasi gani? Makonyo mangapi yakionekana ndani ya gunia yatalifanya gunia hilo lisistahili jina? Karafuu ya Unguja na ya Pemba zitaitwa kwa jina moja, au Pemba itapewa jina lake yenyewe chini ya lile kubwa? Haya si maswali ya mahakama za Geneva. Ni maswali ya Wete, Mkoani na Chake Chake, na hayawezi kujibiwa ofisini na watu ambao hawajapata kupanda mkarafuu.

Kwa hiyo twawaomba maafisa wanaohusika wasiandike waraka kwanza kisha wakaupeleka kwa wakulima upigiwe makofi. Waanze uwanjani. Katika utaratibu wa Italia wazalishaji wenyewe ndio wanaoomba jina na kupendekeza masharti, kisha kamati ya taifa ikayapima. Sharti lililopendekezwa na mwanikaji hutimizwa naye hata mkaguzi akiwa hayupo. Sharti aliloteremshiwa hulitimiza siku ya mkaguzi tu. Waangalie pia wasije wakaandika masharti ambayo mwenye mikarafuu mia ayaweza na mwenye mikarafuu kumi hayawezi. Ikihitajika sakafu ya saruji mahali pa jamvi, swali la kwanza liwe ni nani atakayeijenga, la sivyo jina litakuwa limemfukuza mnyonge kutoka katika mali yake mwenyewe.

Nanyi wakulima wenzetu, tusemezane kwa uwazi. Asiyekausha vizuri, akalitia gunia unyevu ili lizidi uzito, hamwibii afisa wa mizani peke yake. Anamwibia jirani yake aliyekesha akichambua. Na karafuu inayovushwa usiku kwa magendo kwenda ng'ambo, kama ilivyovushwa kwa miaka mingi, huliacha jina lake ufukweni. Ikifika huko haiitwi tena ya Pemba wala ya Zanzibar, huwa karafuu tu, na sifa yake humfaidisha mtu mwingine. Hatusemi hayo kwa kuwadhania watu ubaya. Twajua kwamba magendo hayakuanza kwa sababu watu wanalichukia jina lao. Yalianza pale bei ya ng'ambo ilipokuwa bora kuliko bei ya nyumbani. Ndiyo maana tumeiweka bei kuwa nguzo ya tatu. Serikali ikitaka mkulima aulinde mpaka wa jina, haina budi kumfanya auone mpaka huo kuwa ni faida kwake. Thamani itakayoongezwa na jina lililosajiliwa igawanywe kwa hesabu iliyo wazi, itangazwe kabla ya msimu, na sehemu ya mkulima ijulikane na kila mtu anayejua kusoma.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni ya kweli sokoni mwa mji, ambapo mnunuzi humjua muuzaji kwa uso. Katika soko la dunia mnunuzi haujui uso wa mtu. Aliye nao mkononi ni mfuko na maneno yaliyoandikwa juu yake, na asiyelinda maneno hayo ameiacha bidhaa yake njema isimame pamoja na mbaya bila ya alama ya kuzitenganisha.

Msimu unapofika, mikarafuu haingoji kamati. Twapendekeza kwamba kabla ya msimu mkubwa ujao maafisa wakae na wachumaji, waanikaji na wachambuzi katika kila wilaya ya Pemba na mashamba ya Unguja, na kwamba rasimu ya masharti itakayopatikana ichapishwe kwa Kiswahili chepesi, ijadiliwe hadharani, kisha ifikishwe mbele ya Wawakilishi. Mkulima wa Pantelleria alipewa waraka wake mwaka 1971, na zaidi ya nusu karne baadaye bado analalamika juu ya vifungu alivyopitishiwa nyuma. Sisi hatujachelewa kiasi cha kurudia kosa hilo. Waraka wetu bado haujaandikwa, na kalamu ingali mkononi mwetu.